Pendekezo la Sitini na Moja

Umeme ulikatika Jumamosi saa nne na dakika kumi asubuhi, na duka la intaneti la Muhiddin, pale Mkunazini, likapiga yowe kwa lugha tano au sita. Watalii waliokuwa wakiwaandikia mama zao walishika vichwa. Vijana waliokuwa wakitafuta wachumba wa Ulaya waliguna. Lakini sauti iliyowashinda wote ilitoka kompyuta ya tatu kutoka mlangoni, kwa msichana aliyevaa buibui jeusi lenye darizi ya zambarau mikononi, akinukia udi kama aliyetoka kualikwa harusini.

"Saa nzima! Saa nzima nnaandika!"

"Hukuhifadhi?" aliuliza kijana wa kompyuta ya jirani.

"Ningehifadhi ningepiga kelele?"

Kijana alicheka. Alikuwa mrefu, mwembamba, shati lake la miraba limepigwa pasi mpaka mikunjo imesimama, na kwenye makubazi yake mlikuwa na mchanga mweupe wa pwani ya kusini.

"Ulikuwa unamwandikia nani hata ukawa na uchungu wote huo? Mchumba?"

"Nnawaandikia watu wa Orlo," msichana alijibu kwa kiburi, akiamini kwamba hapo maneno yatakwisha. Katika mwaka huo wa 2004 hapakuwa na watu watatu Unguja nzima waliojua Orlo ni nini.

Kijana aliacha kucheka. "B. Zahran? Yule anayeuliza maswali ya saa kila wiki?"

"Na wewe nani?"

"Mahfoudh Duni."

Badriya Zahran alimgeukia na kiti chote. Jina hilo alikuwa akiliona mwaka mzima kwenye barua pepe za Orlo, chini ya masahihisho ya watu wengine. "Mimi nilidhani uko Misri," alisema. "Nilidhani una ndevu."

"Niko Jambiani. Ndevu nshazinyoa, nilijua ntakutana nawe leo."

Muhiddin alikuwa ameshawasha jenereta uani, na harufu ya petroli ikaingia dukani. Kompyuta ziliwaka tena. Hao wawili hawakuzitazama.

Orlo ilikuwa lugha ya kuandikia programu za kompyuta. Haikuwa na tajiri wala kampuni. Waliitengeneza watu waliotawanyika duniani, wengi wao hawajawahi kuonana, na kila mmoja aliruhusiwa kusema, "Hapa pabadilishwe." Badriya, aliyekuwa akifundisha kompyuta katika skuli moja ya mjini, alikuwa na pahala pake pa kubadilisha, na alipatoa nyumbani kwao. Baba yake, Mzee Zahran, alikuwa fundi saa kabla macho hayajaanza kumpungukia. Ukutani kwake kulikuwa na saa moja kubwa ambayo kila siku, jua likizama, aliipandia kigoda akaiweka mishale yote miwili juu. Kwa Mzee Zahran siku ilianza magharibi, na usiku wa Ijumaa ulikuwa ule unaofuata Alkhamisi, kama unavyojulikana na kila mtoto wa Unguja. Kompyuta haikujua. Badriya alitengeneza kalenda ya skuli, akaweka maulidi usiku wa Ijumaa, na kompyuta ikamwambia ni Alkhamisi. Alikasirika kama aliyetukaniwa wazee wake.

Miezi saba ilipita tangu siku ile ya umeme. Mahfoudh alikuwa akija mjini mara mbili kwa wiki, na mara zote mbili alikuwa na njaa ya juisi ya ukwaju inayouzwa karibu na bustani ya Jamhuri, saa ile ile ambayo Badriya alitoka skuli. Usiku Mahfoudh alimbipu, naye Badriya akampigia. Vocha zilikwisha wakiwa katikati ya kicheko.

"Nieleze tena hizo kura," Badriya alimwambia siku moja bustanini. Alivaa mtandio wa rangi ya ndimu, na alijua kwamba unampendeza.

"Wenye kura tuko kumi na tisa. Ukikubali unaandika jumlisha moja. Huna la kusema, sifuri. Ukipinga, toa moja. Lakini toa moja lazima ije na sababu. Kupinga bila ya sababu hakuhesabiwi."

"Na asiyesema kitu?"

"Wiki mbili zikimalizika kanyamaza, basi karidhia."

"Kama mwari," alisema Badriya.

"Mwari vipi?"

"Mwari akiulizwa habari ya posa akinyamaza, si karidhia? Jifanye hujui."

Mahfoudh alikoroga juisi yake isiyokuwa na haja ya kukorogwa. "Nshajua," alisema. "Na nshajua pa kuanzia."

Badriya aliona haya, akarejea kwenye kazi upesi. "Na mtu akitoa moja kwa sababu?"

"Pendekezo linasimamishwa. Mwandishi ana siku saba za kumjibu. Akimridhisha, yule anaiondoa kura yake. Mwandishi akinyamaza, limekufa."

"Yako ninayo?"

"Kura? Unayo hata kabla hujaandika, habibti."

Hayo ndiyo maneno aliyoondoka nayo. Akaandika pendekezo, likapewa namba sitini na moja: kwamba mtu akiiambia Orlo kuwa yuko Zanzibar, siku ianze magharibi. Wiki mbili za kujadiliwa zikaanza, na Badriya akawa halali vizuri. Mtu wa Finland aliuliza kwani jua linazama saa ngapi huko. Mtu wa Brazil alisifu. Wengine walinyamaza, na kila siku ya kunyamaza kwao ilimtia hofu mpya.

Jumatano ya wiki ya pili, Mzee Jaku, ami yake Mahfoudh, alifika na barua ya posa ndani ya bahasha iliyotiwa asumini. Mzee Zahran aliipokea, akasema jibu litatoka Jumatatu. Wageni walipoondoka tu, Bi Asila, shangazi yake Badriya, alinyoosha mkono.

"Lete simu."

"Simu ya nini, shangazi?"

"Posa ikishaingia ndani, mtoto hazungumzi na mposaji mpaka jibu litoke. Tulikuwa hatuna simu, lakini adabu ndo hiyo hiyo. Lete."

Badriya aliitoa. Bi Asila aliizima, akaifungia kabatini pamoja na kanga zake za kuzikia watu, na ufunguo akautia kifuani. Hakuificha chuki yake. "Mtoto wa Zahran kuolewa shamba! Mamake anafunga mwani baharini, maji mpaka magotini."

"Bi Mashavu amemsomesha mwanawe kwa mwani huo."

"Nshasema lete simu, sikusema lete maneno."

Kura zilikuwa zifungwe Ijumaa adhuhuri. Saa nane mchana Badriya aliaga kwamba ana madaftari ya kusahihisha, akakimbilia Mkunazini buibui likimpiga miguuni. Muhiddin alimwona akainamisha kichwa. Hakumtania, na hilo peke yake lilimtia baridi.

Barua pepe ya mwisho kabisa ilikuwa imetumwa robo saa kabla ya kura kufungwa. *Toa moja. Napinga. Mwandishi wa pendekezo hili hakuijaribu kazi yake kwa watu watakaoitumia.* Chini yake sababu ilifuata, ndefu. Juu yake jina: Mahfoudh Duni.

Badriya hakuisoma hiyo ndefu. Macho yake yalikwama kwenye neno "mwandishi". Hakusema Badriya. Hakusema hata B. Zahran. Mwandishi, kama mtu aliyemwona barazani kwa watu akapita.

"Barua zako hukuzifunga jana, nami nimeiona hiyo ikiingia," alisema Muhiddin kwa upole. "Yakhe yule vipi? Si ndo mposaji?"

Aliifunga barua, akalipa, akatoka. Njia nzima alikuwa akilihesabu: Jumatano kaleta posa, Ijumaa kampinga mbele ya dunia. Basi alingoja barua yake iingie ndani ndipo aoneshe rangi yake. Aliahidi kura kwa mdomo wake, na hata simu hakupiga. Hapo alikumbuka kwamba simu imo kabatini, lakini hasira haikumwacha akae na wazo hilo. Angekuwa na neno, angelipata njia ya kulifikisha. Na mume anayekuvunjia uso mbele ya watu kumi na wanane kabla hajakuoa, akishakuoa atakufanya nini?

Kilichomtisha zaidi ni kwamba bado anampenda. Alijua akiulizwa atababaika, na akibabaika atanyamaza, na akinyamaza ameolewa.

Jumapili baada ya alasiri, Bi Asila alimkuta chumbani, akaketi kitandani, akasema maneno ambayo wanawake wa nyumba ile wote walikuwa wameambiwa kwa zamu yao. "Baba yako anakusalimu. Anasema Mahfoudh bin Duni anakutaka. Unasemaje?" Kisha akatazama dirishani, kama inavyotakiwa, kungoja kimya.

"Nnakataa," alisema Badriya. Sauti ilimtoka kubwa mno. "Na sababu ninayo."

Bi Asila aligeuka. Uso wake ulianza kwa mshangao ukaishia kwenye furaha. "Alhamdulillahi. Sababu kaa nayo mwenyewe, mwanangu. Tutawaambia tumepata ushauri mwingine, kwisha. Mtu hakataliwi kwa sababu, anakataliwa kwa heshima."

Badriya alisimama. Alikuwa amekataa kwa lake, na sasa kukataa kwake kulikuwa kumeshachukuliwa kwa la shangazi: mwani, Jambiani, ukoo. Mahfoudh atapata maneno mawili makavu, atafikiri ni kwa sababu ya mama yake. Atafikiri hivyo maisha yake yote.

"Badriya!" baba yake aliita kutoka ukumbini.

"Naam, Baba."

"Nini kinaendelea huko? Mnapiga kelele kama mnauza samaki."

Alitoka, Bi Asila nyuma yake. Mzee Zahran alikuwa na kalamu mkononi na karatasi mbele yake, na alichukia kungojeshwa.

"Nimekataa, Baba. Lakini nnataka sababu yangu iandikwe, apelekewe mwenyewe, apate kujibu."

"Apate kujibu?" Bi Asila alipiga makofi. "Kukataa gani huko kunakongoja jibu?"

"Kukataa bila ya sababu hakuhesabiwi."

"Nani kasema?"

Badriya hakuweza kumwambia kwamba wamesema watu wa Finland na Brazil. "Mimi nnasema," alijibu, na machozi yakaanza.

Mzee Zahran hakuwa mtu wa kubembeleza. Alimtazama binti yake, akaitazama saa yake ukutani, akaona magharibi inakaribia na hana muda wa mabishano. "Sema upesi. Sababu nini?"

Akaandika kwa mwandiko wake wa fundi, mdogo na wima: *Binti yangu amekataa. Sababu: ulimpinga mbele ya watu bila ya kumwambia kwanza, na jina lake hukulitaja. Anangoja jibu.* Akaikunja.

Jumatatu asubuhi Mzee Jaku aliichukua, akaifungua pale pale kwa kutoamini, akaisoma mara mbili. "Nimekuwa mshenga miaka arubaini," alisema. "Nimepeleka ndio, nimepeleka hapana. Hii sijui naipeleka kama nini."

Kwa kuwa posa ilikuwa imekataliwa, simu ilitoka kabatini. Bi Asila aliikabidhi kwa moyo mkunjufu, akasimama hapo hapo. Badriya aliiwasha. Ilitulia kidogo, kisha ikaanza kulia, ikalia tena, ikalia tena, mpaka jumbe tisa zikaingia, zote za Alkhamisi na Ijumaa.

*Badriya piga. Nimekuta kosa.*

*Sijalala. Ni kubwa. Nipigie mpenzi, tulirekebishe wawili kabla ya kura.*

*Simu yako imezimwa. Nakuja mjini.*

*Nimefika mlangoni kwenu. Shangazi yako kaniambia posa imo ndani, niondoke. Sawa.*

*Inafungwa adhuhuri. Nikinyamaza nimekubali, na watoto wa kituoni ndio watakaoumia. Sina njia nyengine. Nisamehe kabla hujasoma.*

Hakumaliza kusoma. "Alikuja hapa?" alimwuliza shangazi yake.

Bi Asila alijishughulisha na pindo la kanga yake. "Mposaji haji mlangoni. Adabu ndo hiyo." Kisha, kwa sauti ndogo zaidi, "Alikuwa na jasho kweli."

Badriya aliruka mpaka Mkunazini. Safari hii aliisoma ile ndefu yote. Kituo kimoja cha afya cha kusini kilikuwa kikitumia programu ya chanjo za watoto, aliyoiandika Mahfoudh mwenyewe kwa Orlo. Muuguzi alikuwa akiingiza majina baada ya kazi, jua limeshazama. Kwa pendekezo la sitini na moja, kila mtoto wa jioni angeandikiwa siku ya pili yake. Wiki nne zikitimia, mama angetembea kutoka Bwejuu na mtoto mgongoni, kompyuta iseme bado siku moja, naye arudishwe. Mahfoudh alikuwa amelijaribu kwenye nakala ya programu na majina mia mbili. Majina hamsini na matatu yalikosewa.

Badriya alilijaribu mwenyewe, akitumai kwamba Mahfoudh kakosea. Hakukosea. Kosa lilikuwa lake, na barua ya baba yake ilikuwa imeshapita Paje inakwenda Jambiani.

Alishika simu mara kumi na mara kumi akaiweka. Amwambie nini? Sababu yake ilikuwa ya kweli bado: jina lake hakulitaja. Lakini ya Mahfoudh ilikuwa ya kweli zaidi, na yeye hakumpa hata heshima ya kuisoma. Jumanne ikapita, Jumatano ikapita. Mahfoudh hakupiga. Kimya hicho kilikuwa cha nini, kuridhia au kuondoka? Badriya alikuwa akishtuka kila simu ya jirani ikilia.

Siku saba zake za kujibu zilikuwa zinakwisha. Usiku wa Alkhamisi, kwa hesabu ya Mzee Zahran, aliandika pendekezo upya: siku itaanza usiku wa manane kama ilivyokuwa, na magharibi itakuwa ya anayeiomba tu. Asubuhi alilituma. Mwisho aliongeza mstari mmoja: *Aliyepinga alikuwa na haki. Sikulijaribu.* Akaketi mbele ya kompyuta, Muhiddin akimletea chai asiyoiomba.

Jibu lilifika baada ya nusu saa, kwa watu wote.

*Ninaiondoa kura yangu ya kupinga. Mwandishi wa pendekezo hili ni Badriya Zahran wa Unguja. Nilimwita mwandishi kwa sababu nimemposa, na niliogopa msije mkasema nampendelea, basi nikamwandikia kama mgeni. Lilikuwa kosa, na nalisema hapa kwa kuwa hapa ndipo nilipolifanya. Kwa kuwa nina maslahi kwake, kura yangu ni sifuri.*

Badriya alisoma mpaka mwisho, akacheka na kulia kwa pamoja, hata mtalii wa pembeni akamsogezea karatasi ya kufutia uso. Alitoka nje, akapiga. Mahfoudh alipokea kabla simu haijalia vizuri.

"Uliniahidi kura," Badriya alisema. "Umenipa sifuri."

"Nimekupa nilichokuwa nacho cha halali."

"Sifuri, Mahfoudh! Miezi saba ya juisi ya ukwaju!"

"Nnaogopa, Badriya," alisema, na sauti yake haikuwa na mzaha. "Nimekaa siku tatu na barua ya baba yako mfukoni. Kila nikitaka kupiga nnasema, nilikosea mbele ya watu, nitajibuje kwa kunong'ona? Nikawa nnangoja pendekezo lako jipya nijibu pale. Na ungelinyamaza je?"

"Nisingenyamaza."

"Basi niambie. Jibu nini?"

"Hilo halitolewi kwa simu. Muulize Mzee Jaku, ana miaka arubaini ya kazi."

Mzee Jaku alifika siku hiyo hiyo alasiri, amechoka, na karatasi yenye mstari mmoja: *Jibu langu nimeliweka pale pale nilipokosea. Kama limetosha, posa yangu bado iko.* Badriya alimwonesha baba yake ile barua ya Orlo, aliyochapiwa na Muhiddin bure. Alimfasiria neno kwa neno, maana ilikuwa ya Kiingereza. Mzee Zahran alisikiliza amefumba macho. Pendekezo lenyewe lilikuja kupita wiki ya pili yake, kumi na mbili wamekubali na hakuna aliyepinga, lakini jioni ile hakuna aliyelikumbuka.

"Mbele ya watu wangapi kasema haya?"

"Kumi na wanane wenye kura, Baba. Na wasomaji kama mia sita."

"Mia sita," alirudia mzee, akamtazama dada yake. "Asila, muulize."

"Si nshamuuliza mara moja?"

"Muulize tena. Kitu kimerekebishwa."

Bi Asila alivuta pumzi. Alimgeukia Badriya, na uso wake ulikuwa umelainika kidogo, pengine kwa kukumbuka lile jasho mlangoni. "Mahfoudh bin Duni anakutaka. Unasemaje?" Akatazama dirishani, akangoja.

Badriya aliweza kuketi tu, asiseme kitu, na ingetosha. Mama yake alifanya hivyo, na bibi yake.

"Nimekubali," alisema. "Na sababu ninayo."

"Ya kukubali haitakiwi, mwanangu," Bi Asila alinong'ona kwa haya.

"Mwache aseme," alisema Mzee Zahran. Kalamu ilikuwa mkononi.

"Nilipokosea aliniambia, na hali anajua nnaweza kumkataa."

Mzee Zahran aliandika yote, neno kwa neno, kwa mwandiko mdogo na wima, akampa Mzee Jaku. Kisha adhana ya magharibi ikaanza kusikika kutoka msikiti wa nyuma ya nyumba, naye akaomba asogezewe kigoda chake cha saa. Badriya akamshikilia asianguke.